Klabu ya X na ajira ya wanasayansi Uingereza

Swali: Nimesoma kwamba katika enzi ya Malkia Victoria marafiki tisa waliokuwa wakila pamoja London ndio walioifanya sayansi kuwa kazi ya mshahara. Kikundi kisicho na katiba kiliwezaje, ilhali vyama rasmi vilikuwapo?

Jibu: Ndugu msomaji, hiyo ni Klabu ya X, iliyokutana mara ya kwanza tarehe 3 Novemba 1864 kwa wito wa mwanabiolojia Thomas Huxley. Walianza wanane, miongoni mwao mtaalamu wa mimea Joseph Hooker na mwanafizikia John Tyndall. William Spottiswoode akawa wa tisa muda mfupi baadaye, na hakuongezwa mwingine.

Nguvu yao ilitokana na kuchagua siku. Walikula mara moja kwa mwezi, Alhamisi, kabla tu ya kikao cha Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi Uingereza, hivyo waliingia ukumbini wakiwa wamekwisha kushauriana nani apendekezwe na hoja ipi itetewe. Kuanzia 1873 hadi 1885 urais wa Royal Society ulishikwa na Hooker, kisha Spottiswoode, kisha Huxley, bila mtu wa nje ya klabu kuingia kati yao.

Hata hivyo, dai kwamba wao ndio walioleta mshahara silikubali lilivyo. Miongoni mwa wanachama wa klabu, John Lubbock alikuwa mwenye benki, Spottiswoode alimiliki kampuni ya uchapaji, na mwanafalsafa Herbert Spencer, aliyeishi kwa kalamu yake, hakuwa hata mwanachama wa Royal Society. Mwanahisabati Thomas Hirst, mwanachama mwingine wa klabu, aliandika katika shajara yake kwamba kilichowaunganisha ni kuipenda sayansi iliyo huru na mafundisho ya dini, na hapo ndipo nionapo kiini cha klabu. Isitoshe, tangu 1847 Royal Society yenyewe ilikuwa imepunguza wanachama wapya hadi 15 kwa mwaka, hatua iliyoanza kuwafungia mlango matajiri wasio na utafiti miaka 17 kabla ya klabu kuzaliwa.

Mshahara ulihitaji fedha za serikali na za vyuo. Huxley, aliyerudi kutoka safari ya baharini mwaka 1850, hakupata kazi ya kudumu ya kufundisha hadi 1854, na ugumu huo aliujua vyema alipoketi pamoja na Lubbock katika tume ya kifalme ya elimu ya sayansi iliyoundwa 1870, ambayo ilihimiza serikali igharimie ufundishaji na utafiti. Hapo urafiki wa mezani ulisaidia kweli, kwa kuwa wajumbe wawili walizungumza wakiwa na msimamo uliokwisha kupimwa na wenzao.

Kwa kuwa hawakupokea warithi, vifo na maradhi viliwapunguza, na mikutano ikakoma mwanzoni mwa miaka ya 1890.