Faida haijagawanywa: je, mbia anayeishi jimbo jingine anadaiwa kodi?

Swali: Mimi na binamu yangu tuna LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) ya usafi wa ofisi mjini Baltimore, nusu kwa nusu. Mimi ninaishi hapa Maryland, yeye anaishi York, Pennsylvania. Mwaka jana tulipata faida ya dola 80,000 lakini tuliiacha yote benki ili tununue gari. Yeye anashikilia kwamba hakupokea hata senti, na kwamba majimbo haya mawili yana makubaliano, hivyo Maryland haimdai chochote. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na hoja zake zote mbili zina kasoro. LLC ya watu wawili ambayo haikuomba kutozwa kodi kama korporesheni huhesabiwa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kuwa ubia, na ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato ya serikali kuu. Faida hupita hadi kwa wabia, na kila mmoja hutozwa kwa fungu lake, liwe limetolewa benki au limebaki humo. Mtawasilisha Fomu 1065, yaani ritani (tamko la kodi) ya ubia, kufikia tarehe 15 Machi, na K-1 ya binamu yako, yaani taarifa ya fungu la kila mbia, itaonyesha dola 40,000 katika kisanduku cha 1, huku kisanduku cha 19, cha fedha alizogawiwa, kikiwa kitupu. Kinachotozwa kodi ni kile cha kwanza. Gari mtakalonunua mwaka huu halipunguzi faida ya mwaka jana. Msichelewe, kwa sababu faini ya ritani ya ubia inazidi dola 200 kwa kila mbia kwa kila mwezi, hata pale ambapo ubia haudaiwi kodi yoyote.

Kuhusu makubaliano, ni kweli yapo, lakini yanahusu mishahara ya watu walioajiriwa. Faida ya biashara inayofanyika Baltimore ni mapato yenye chimbuko Maryland, na jimbo hilo lina haki ya kwanza ya kuyatoza. Ndiyo maana LLC yenu, inapowasilisha Fomu 510, ritani ya Maryland ya kampuni za aina hii, inawajibika kulipa kodi kwa niaba ya mbia asiye mkazi, kwa mtindo unaofanana na kodi ya zuio. Jambo hili huwashtua wengi, kwa kuwa fedha hutoka katika akaunti ya kampuni ilhali deni ni la mmoja wenu. Nawashauri mkubaliane kwa maandishi kwamba kiasi hicho kitahesabiwa kuwa mgao aliokwisha kuuchukua, la sivyo utakuwa unamlipia nusu ya kodi yake bila kujua.

Binamu yako atawasilisha Fomu 505, ritani ya Maryland ya wasio wakazi, akidai kodi iliyokwisha kulipwa na LLC. Kisha atatangaza dola hizohizo 40,000 katika PA-40, ritani ya mapato ya Pennsylvania, kwa kuwa Pennsylvania hutoza mkazi wake kwa mapato yote, popote yalipopatikana. Hatalipa mara mbili kwa ukamilifu: Pennsylvania itampunguzia kodi kwa sababu ya ile aliyolipa Maryland, ila nafuu hiyo haivuki kiwango chake cha asilimia 3.07, yaani dola 1,228 kwa fungu lake. Kwa kuwa Maryland hutoza zaidi ya hapo, ziada haitarudishwa na jimbo la Pennsylvania. Aanze na ritani ya Maryland, maana nakala yake ndiyo ushahidi wa nafuu hiyo.

Huenda mkashauriwa kuchagua Fomu 511, ambapo LLC yenyewe hulipa kodi ya jimbo kwa wabia wote na kuitoa kama gharama katika hesabu za serikali kuu, njia ambayo IRS iliikubali katika Tangazo 2020-75. Kwa faida ya kiasi chenu akiba yake ni ndogo, na majimbo hayalingani katika kutambua kodi iliyolipwa na kampuni kwingine, kwa hiyo msiichague kabla mhasibu wa binamu yako hajathibitisha msimamo wa Pennsylvania.

Tena, msichanganye Fomu 510 na Fomu 1, ambayo ni taarifa ya mwaka inayopelekwa SDAT, idara ya Maryland ya tathmini na kodi, pamoja na ada ya dola 300 kufikia tarehe 15 Aprili. Hiyo si kodi ya mapato, lakini LLC isiyoiwasilisha huweza kufutiwa haki ya kufanya biashara Maryland.