Manseba ameanguka mu fosi ya depo: nani atalipa, lokateri ao mwenye lupango?

SWALI: Jambo Metre, avoka wetu. Niko manseba (nabeba bantu na pikipiki) hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Miezi mbili imepita, giza ilikuwa imeisha kuingia, nilibeba mama moja anaenda kununua sima mu depo. Santinele (mulinzi) alifungua mulango akasema ingieni. Ndani hakukuwa taa, na kulikuwa fosi (shimo) yenye dale yake, kifuniko cha beto, ilivunjika, balikuwa baliifunika na kartoni. Guruduma ya mbele ikazama. Nilivunjika muguu, mama akaumia mukono. Mwenye depo anasema ye ni lokateri tu (amepanga), niende kwa mwenye lupango, na huyo iko Kolwezi, anasema juu sina permi nisimusumbue. Nani atanilipa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na yule mama umupe pole yangu. Nitajibu kwa urefu kidogo juu hii swali inakuja mu biro yangu kila musimu wa mvua, na karibu kila mara muntu anafika amesha kuchelewa.

Kwanza utoe mu kichwa hii mambo ya nani iko na karatasi ya lupango. Udongo ni wa Leta, sheria ya 1973 ilisema wazi, sisi tuko tu na haki ya kuutumia, kwa hiyo karatasi peke yake haimalizi swali. Juji atauliza: siku ile, fosi ilikuwa mu mikono ya nani? Kodi sivile (sheria ya mambo kati ya bantu) kitabu cha 3, ile dekre ya 1888 yenye tunatumia mupaka leo, artikle 258 inasema mwenye kuleta hasara kwa kosa lake aitengeneze, 259 inaongeza uzembe, na 260 ndiyo yako wewe: muntu anajibu hata hasara ya kintu chenye anakilinda. Kulinda maana yake kukitumia, kukiongoza, kukichunga. Sasa nani anafungua depo kila asubui, nani alimuandika santinele kazi, bantu ya nani baliweka kartoni juu ya shimo? Lokateri. Huyo ndiye wa kwanza kuita.

Lakini bayeri, mwenye lupango wa Kolwezi, asifikiri ameponyoka. Artikle 262 inamushika mwenye jengo kama limebomoka juu halikutunzwa ao lilijengwa mubaya, na dale ya fosi si kintu chenye lokateri alikuja nacho mu kamio. Kama ilimwagwa bila fero (vyuma) ya kutosha, ao lokateri alimuandikia mu WhatsApp mara na mara asema dale inapasuka na ye akanyamaza, iko ndani. Avoka wake atasema fosi si jengo, hapo tutabishana, ndiyo maana mi ningeita wote wawili mu kesi moja, basukumane mbele ya juji, si kukusukuma wewe kati ya Lubumbashi na Kolwezi na muguu yenye plata.

Sasa kwa ushahidi, hapa ndipo bantu banapoteza. Shimo halitembei kama gari, kwa hiyo ni wewe utaonyesha kama halikuwa vile inapashwa kuwa: hakuna kifuniko, hakuna taa, na ile kartoni ni mbaya kuliko shimo lenyewe kuwa wazi, juu ilikudanganya macho. Kesho yake banamwaga beto mupya na hakuna tena kintu. Foto ulipiga? Kama hapana, enda leo na wisie (mutu wa tribinali mwenye kuandika chenye ameona), beto ya miezi mbili inaonekana rangi yake, na utafute namba ya santinele mbele bamufukuze kazi. Yule mama naye ni shahidi, na bale balikubeba kukupeleka ku lopitali pia.

Permi: kuendesha bila permi ni kosa, sheria ya barabara ya 1978 inakuazibu kwa hilo, lakini ni hesabu ingine. Ile fosi ingemeza hata mwenye permi. Kama ulikuwa mbio ao fare (taa ya mbele) haikuwaka, hapo ndiyo juji atakata sehemu ya pesa yako, kwa hiyo umuambie avoka wako ukweli wote mbele, asiusikie kwa mara ya kwanza mu tribinali. Asiransi ya pikipiki usiitegemee kwa muguu wako, ile ya lazima inalipa hasara yenye wewe unaletea wengine.

Kintu yenye inaniogopesha kwako ni wakati. Kuumiza muntu bila kukusudia ni kosa la penali (lenye azabu ya Leta), artikle 52 na 54 za kodi penali, siku 8 mupaka mwaka 1 wa jela, na juu haipite mwaka 1, kesi ya penali inakufa kisha mwaka 1. Umebakia na miezi kumi. Peleka malalamiko ku parke (biro ya bashitaki ba Leta), uwe parti sivile (mwenye kudai malipo ndani ya kesi ya penali) ku tripaix (tribinali ya paix), utakuwa na nguvu kuliko kuenda peke yako. Kesi ya sivile tupu inaishi miaka 30, lakini santinele hatakungojea miaka 30.

Chunga faktire zote, daftari ya pesa yenye ulikuwa unapelekea mwenye pikipiki kila siku, na munganga aandike asilimia ya ulemavu kama itabakia. Na tafazali, bakikuletea dola 100 na karatasi ya "nimesamehe" wakati muguu ungali mu plata, usisaini.

Yule mama iko na haki ya kushtaki depo, na iko na haki ya kukushtaki wewe pia, juu ulimubeba na hakufika muzima. Ndiyo maana avoka moja asichukue ninyi wawili. Kama hana pesa, ku baro (chama cha ba avoka) kuko biro ya ushauri ya bure, umupeleke kule wewe mwenyewe.