Wimbo wako wa siasa, uanze na kiitikio

Miaka niliyokaa kwenye vikundi vya muziki na maigizo imenifanya nimwonee shaka kila anayesema wimbo wake utabadilisha nchi. Wimbo haupigi kura wala haupitishi sheria. Unachoweza ni kuwafanya watu waliokuwa wakinung'unika kila mmoja kivyake waseme jambo moja kwa pamoja. Hilo tu limewakosesha usingizi watawala wengi.

Ndiyo maana vijana wakiniletea nyimbo zao za siasa, nauliza kwanza kiitikio. Beti ziwe na hoja nzito kiasi gani, wasikilizaji huondoka na kiitikio. "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen, uliotoka 1984, unasimulia machungu ya askari aliyerudi kutoka Vietnam akakosa kazi. Kiitikio chake ukikisikia peke yake, utadhani ni majigambo ya uzalendo, na mwaka uleule Rais wa Marekani, Ronald Reagan, alimmwagia sifa mwanamuziki huyo akiwa kwenye kampeni. Ukifungia uchungu wote ndani ya beti, usishangae unayemsema akiucheza wimbo wako mkutanoni kwake.

Jaribio langu nalifanya mazoezini. Kiitikio kikifika mara ya tatu, namwashiria mpiga gitaa aache, mwimbaji naye anyamaze. Waliokaa pembeni wakikimalizia wenyewe, basi wimbo utatembea. Wakikwama, mara nyingi wamekwama kwenye msamiati wa semina. Nani anaimba "utawala bora" huku anafua nguo?

Hata lugha unayoichagua ina uzito wake. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye ukosoaji mkali wa wakubwa wa Kenya, na haikupigwa marufuku. Mwaka huohuo yeye na Ngũgĩ wa Mirii wakaandika tamthilia kwa Kikuyu, na wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamiriithu wakaicheza wenyewe. Baada ya wiki chache tu serikali iliisimamisha, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Alikaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Ukitaka kujua kazi yako inawafikia akina nani, tazama anayeiogopa.

Kuhusu fedha: nimewahi kuwaandikia wagombea, na simcheki anayefanya hivyo, tumbo nalo lina haki yake. Ila chukua malipo yote kabla hujaingia studio. Kura zikishahesabiwa, mgombea ashinde ashindwe, wapambe wake hawapokei simu. Na wimbo ulio moyoni mwako usiuuze kwa mgombea yeyote. Thomas Mapfumo aliimba dhidi ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, hadi akawekwa kizuizini mwaka 1979. Uhuru wa Zimbabwe ulipokuja 1980 alishangilia kama wenzake, lakini kabla muongo haujaisha alikuwa ametoa wimbo "Corruption", akiwasema wakubwa wapya. Sauti iliyokwisha kununuliwa na chama isingeweza kufanya hivyo.

Wengine hukimbilia mafumbo wakidhani ni kinga. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua, na maofisa wa usalama si wajinga hata kidogo. Fumbo zuri lina kazi yake, huwapa watu raha ya kulifumbua, lakini usilifanye ngao. Fela Kuti alipowakejeli wanajeshi wa Nigeria kwa wimbo "Zombie", yaani maiti anayetembea bila akili yake, Februari 1977 askari waliyavamia makazi yake, wakawapiga waliokuwemo na kuyachoma moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alitupwa kutoka dirishani, na mwaka uliofuata akafariki.

Mwandishi wa wimbo akishaamua kuthubutu, husahau kwamba hatapanda jukwaani peke yake. Kuna mpiga ngoma mwenye mtoto mchanga, kuna mwitikiaji ambaye baba yake ni mtumishi wa serikali. Kabla ya onyesho lenye maneno makali, nazungumza na kila mmoja faraghani, kamwe si kikaoni, maana kikaoni kila mtu ni shujaa. Namsomea maneno yote, namwambia tutakapoimbia na nani wanatarajiwa kuwepo, kisha nampa siku mbili tatu za kufikiri. Anayejitoa haulizwi sababu. Sehemu yake anapewa mwingine, na onyesho lijalo nafasi yake ipo.