Gari la babu kwenye kipande cha picha: tazama kisichofunguliwa kirahisi

Mkuu, nimeikuza picha yako mpaka macho yameuma. Kwa wanaoingia sasa hivi: ni picha nyeusi na nyeupe ya babu yake, kanzu na kofia, amesimama Mikindani na mkono kauweka juu ya gari. Aliyeikata ili sura ya mzee iingie kwenye fremu ameacha madigadi ya mbele yenye taa, robo tatu ya kioo cha mbele na mlango kidogo. Shoo (wavu wa mbele ya gari) haipo, nembo haipo, namba haipo. Mkuu anauliza ni gari gani, na familia inaamini picha ni ya mwaka wa Uhuru, 1961. Waliotangulia kujibu wamegawanyika: Land Rover, Land Cruiser, na mmoja kataja Austin Gipsy.

Naanza na jibu. Hiyo ni Land Rover Series II au IIA, na picha haikupigwa 1961.

Nimefanya kazi ya bodi hapa Mtwara, Chikongola, kwa miaka mingi, na chumvi ya bahari ndiyo inayotuletea kazi. Laza gari la bati la chuma Shangani karibu na maji, halichukui muda utaona vipele vinatokeza chini ya rangi, kwanza kwenye kingo za madigadi na chini ya milango. Land Rover haiozi hivyo. Ilipoanza 1948 Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, ikavishwa bodi ya aloi ya alumini. Chasi ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma, bawaba ni chuma. Madigadi, boneti na bati la nje la mlango ni alumini. Sasa kuza picha hapo kwenye bawaba ya juu ya mlango. Kuna mchirizi mweusi wa kutu umeshuka chini kama kidole, na bati linaloizunguka ni safi. Hata rangi iliyobanduka pembeni imeacha doa jeupe, siyo jeusi. Gipsy, iliyotengenezwa 1958 hadi 1968, ilifanana sana na Land Rover kwa mbali, lakini bodi yake ni chuma. Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizoanza 1960, nazo ni chuma. Rangi ikibanduka kwenye gari hizo ukanda huu, hapo hapo panashika kutu nyekundu, na kwenye picha ya namna hii pangetoka peusi.

Tazama pia bega la mlango. Chini kidogo ya dirisha bodi imebinuka kwa nje, halafu inashuka. Series I, zile za 1948 hadi 1958, ubavu wake ni bapa juu mpaka chini. Bega lilikuja na Series II mwaka 1958. Kwa hiyo tumeshapata mwaka wa kuanzia.

Mwaka wa kuishia uko ndani ya kioo, na hapa ndipo naona wengi wamepita haraka. Nyuma ya kioo, katikati ya gari kabisa, kuna duara mbili zinazong'aa. Hizo ni saa za dashibodi, yaani mita za mwendo na mafuta. Series II na IIA saa zake zipo katikati, dereva anageuza jicho pembeni kuzisoma. Series III ilipotoka 1971 saa zikahamia mbele ya dereva, nyuma ya usukani. Gari la babu si Series III, hata kama taa zimewafanya wengine waseme hivyo.

Tuje kwenye taa zenyewe. Taa kubwa imekaa kwenye uso wa madigadi. Land Rover za mwanzo mpaka karibu mwisho wa IIA taa zake zilikuwa ndani, pembeni ya shoo, zimekaribiana. Zilihamia kwenye madigadi kuanzia 1968 kwa baadhi ya masoko ya nje, na 1969 kwa Uingereza kwenyewe. Mtu anaweza kunipinga, na atakuwa na hoja nzito: madigadi ya Land Rover yamefungwa kwa nati na bolti, nusu siku unayatoa. Gari la 1962 linaweza kuvishwa madigadi ya 1970. Kweli kabisa, nami nimeyavisha. Lakini gari la 1961 haliwezi kuvaa madigadi ambayo kiwanda hakijayatengeneza. Hata kama kila kitu kingine ni cha zamani, taa ile inasema mzee alisimama pale 1968 au baadaye. Uhuru ulishapita.

Hiyo ndiyo njia ninayoiamini katika vipande vya picha. Nembo, shoo, taa, vioo vya pembeni, rimu, vyote hivyo vinafunguka haraka, na kinachofunguka haraka huhama gari hadi gari. Huku kusini ndivyo tulivyoishi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, masika yakikaza barabara ya Dar ilikufa kule Rufiji, spea hazifiki. Fundi wa Newala au Nachingwea alichukua kwa gari lililolala akaliamsha lililosimama. Ninazijua Land Rover zenye uso wa Series III na moyo wa IIA, na wenyewe wanabishana kwa nguvu kwa sababu ya shoo ya plastiki. Ukuta wa kati, ule wa chuma kati ya injini na abiria, hauhami hivyo. Kuutoa ni kutoa usukani, pedali, waya, milango na kioo. Ni kulivunja gari zima. Kwa hiyo sehemu ngumu kubadilisha inakwambia gari ni la lini, na sehemu rahisi inakwambia picha haiwezi kutangulia lini. Ukizichanganya hizo mbili ndipo watu wanapogombana bure.

Kwa wenye picha nyingine za magari ya saluni, yale madogo ya abiria, kioo cha nyuma ni hazina. Volkswagen Beetle yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika katikati ni ya kabla ya Machi 1953, chenye umbo la yai ni mpaka katikati ya 1957, baada ya hapo kikapanuka. Kioo cha nyuma kilicholala kinyume, juu kimetoka nje na chini kimeingia ndani, kila mtu anasema Ford Anglia. Subirini. Anglia ya 1959 hadi mwisho wa miaka ya 60, ile saluni, ina milango miwili tu. Ukiona kitasa cha mlango wa nyuma, fikiria Ford Consul Classic au Citroën Ami 6, zote za 1961. Rimu yenye nati tatu badala ya nne au tano, iangalie Renault 4 kwanza.

Na mapezi ya nyuma, yale mabati yaliyochongoka kama pezi la samaki juu ya taa za nyuma. Hapa nawaomba sana msiwe na haraka. Peugeot 404 ya 1960 na Austin Cambridge na Morris Oxford za 1959 zote zilichorwa na Pininfarina, na ukiona pezi na kona ya buti tu utaapa ni moja. Hata ukishajua ni ya Waingereza, Austin, Morris, Wolseley, Riley na MG za ubavu huo zilitofautiana hasa usoni. Uso ukiwa umekatwa, kusema "ni mojawapo ya hizo tano" ni jibu kamili, na lina heshima kuliko kubahatisha.

Kingine, hakikisheni picha haijageuzwa wakati wa kusafishwa. Usukani ukiwa kushoto watu hukimbilia kusema gari lilitoka Msumbiji, lakini Msumbiji nao huendesha kushoto mwa barabara na usukani uko kulia kama kwetu. Tazama mfuko wa shati la mtu yeyote aliyepo. Shati la kiume lenye mfuko mmoja huuweka kushoto mwa mvaaji. Ukiuona kulia, negativu iligeuzwa.

Mkuu, kipande kilichokatwa bado kipo kwa shangazi yako, umesema mwenyewe. Mwombe asikitupe. Kipige picha mchana, kivulini, bila flashi, kingo zote zionekane, na nyuma yake pia kama kuna muhuri wa studio. Nikiiona shoo nitakuambia jambo moja lililobaki: kama pembeni yake kuna matundu ya taa za zamani, yale madigadi yaliongezwa baadaye na gari lenyewe ni la kabla taa hazijahama. Kama hakuna, ni IIA ya mwisho mwisho, kati ya 1968 na 1971, iliyotoka kiwandani Solihull na taa zake pale pale unapoziona.