Barua kwa mwanangu: bamba la shaba na tindikali

Mwanangu,

Barua yako imefika, na kama kawaida mama yako ameisoma kabla yangu. Unauliza kuhusu huyo Cornelis Drebbel mliyemsoma chuoni: iweje mtu aliyetengeneza ramani nzuri aje kuzama kwenye alkemia, kazi ya watu waliotaka kugeuza metali ya risasi iwe dhahabu? Unaona kama alipotea njia.

Mimi niliyekaa miaka 26 kwenye kiwanda cha chapa sioni kama alitoka njiani.

Drebbel alizaliwa Alkmaar, Uholanzi, mwaka 1572. Alijifunza kazi Haarlem kwa Hendrick Goltzius, mchongaji aliyetajika sana, hadi akamwoa dada yake. Mwaka 1597 akachonga ramani ya mji wao wa Alkmaar. Nimesema akachonga, mwanangu. Ramani za siku zile zilichongwa kwenye bamba la shaba, tena kinyumenyume, ili zikipigwa chapa zitoke sawa. Wengine walitumia patasi. Wengine walifanya kama tulivyofanya sisi: unapaka bamba nta, unakwaruza mstari, unamwaga tindikali, nayo inakula palipo wazi. Ukizubaa inakula na kingo. Harufu yake ilikaa kwenye shati langu hata mama yako alifue mara tatu. Sasa mtu anaishi katikati ya karakana kama hizo, anaona shaba ikitoa povu na maji yakigeuka rangi ya buluu, atakosaje kujiuliza metali ni kitu gani? Goltzius mwenyewe alivutiwa na alkemia.

Baadaye Drebbel alihamia Uingereza kwa Mfalme James wa Kwanza, akaenda Prague kwa Kaisari Rudolf wa Pili, kisha Rudolf akafa mwaka 1612 naye akarudi London. Hayo ya wafalme utayasoma mwenyewe. Mimi napenda tanuri lake. Aliweka spiriti ndani ya chombo, juu yake zebaki. Joto likizidi, spiriti inavimba, inasukuma zebaki, zebaki inainua kijiti kinachoziba tundu la hewa, moto unapungua. Ukipoa, tundu linafunguka. Kwa tanuri hilo mayai ya kuku yaliweza kuanguliwa bila kuku. Mwanaalkemia alihitaji moto usioyumba kwa siku nyingi, basi akaufundisha moto ujilinde wenyewe.

Nyambizi yake ya makasia, iliyofunikwa ngozi yenye mafuta, ilipita chini ya maji ya mto Thames miaka ya 1620. Mwanasayansi Robert Boyle aliandika baadaye kwamba Drebbel alikuwa na kimiminika cha kuihuisha hewa mle ndani. Watu hulisifu jambo hili kuliko yote. Mimi naipa rangi nafasi ya kwanza. Aligundua kwamba rangi ya kochinili, wale wadudu wa Mexico, ukiiongezea bati lililoyeyushwa kwa tindikali (bati metali yenyewe, si haya ya kuezekea), inawaka wekundu ambao watia rangi wa Ulaya hawakuwa nao. Unaona? Tena metali na tindikali, vilevile vya mchonga ramani.

Umeuliza pia kwa nini alikufa maskini. Jeshi la majini la Uingereza lilimtumia kwenye msafara wa kivita wa La Rochelle, mji wa Ufaransa, mwaka 1628, mambo yakaharibika, na kibarua kikaota nyasi. Mwisho akawa anauza pombe London, akafa mwaka 1633. Ile rangi nyekundu waliifanyia biashara waume wa binti zake, ndugu wawili wa ukoo wa Kuffler, kwenye kiwanda chao huko Bow, karibu na London. Hapo ndipo roho inaniuma, maana hata mimi nimeona wengi wakila jasho la fundi.

Ukipata picha ya ile ramani ya Alkmaar, niletee iliyokuzwa. Nataka kuangalia kingo za mistari nijue alitumia patasi au tindikali.

Baba yako