Kwa Anayeanza Kuhariri Gazeti la Mji Mdogo kama Lamu

Wengi wanaoanza kazi ya uhariri katika gazeti dogo huja na hofu ya sarufi na vichwa vya habari. Hayo mtu huyazoea baada ya miezi michache. Linalochukua miaka ni kukubali kwamba mtu uliyemwandika leo utakutana naye kesho Ndia Kuu, katika njia nyembamba ambayo mkipishana na punda aliyebeba mawe ya matumbawe hamna budi kusimama mkabanana ukutani, na huna pa kukwepea.

Mimi nilijifunza hilo kwa uchungu katika mwaka wangu wa pili. Mwandishi wetu alileta habari ya mahakamani kuhusu mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mashine ya boti. Alimtaja kwa majina mawili na kumweleza kuwa mkazi wa mtaa wa Langoni, nami nikaipitisha habari ile kwa sababu majina yalilingana na yaliyokuwa katika hati ya mashtaka. Lakini katika mji ambao watoto hupewa majina ya babu zao kizazi baada ya kizazi, majina mawili hayatoshi kumtambulisha mtu. Langoni hiyohiyo aliishi mzee mwingine mwenye majina hayo, seremala asiyewahi kuitwa hata kituo cha polisi, na gazeti lilipofika watu wakaanza kumwuliza mkewe kama mumewe amepata dhamana. Toleo lililofuata tulichapisha masahihisho, ila tuliyaweka ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya mabati, ilhali habari yenyewe ilikuwa imekaa juu ya ukurasa wa tatu. Mzee yule alikuja ofisini, akaketi, akakataa chai, akauliza jambo moja tu: “Mwanangu, mbona kosa mmelitangaza barazani na radhi mmeiomba jikoni?”

Sikuwa na jibu. Tangu hapo masahihisho yetu hukaa ukurasa uleule uliobeba kosa, na habari ya mshtakiwa haipiti mezani kwangu bila majina matatu, umri, kazi na mtaa wake. Waandishi nao nimewazoesha kumpa mtu daftari aliandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, kwani Mohamed, Mohammed na Muhammad huweza kuwa majirani watatu, na kila mmoja anaijua herufi yake.

Baada ya majina, zishughulikie hesabu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari, na wavuvi waliotajwa walikuwa wapatao 4,600. Mhariri anayepokea tarakimu kama hizo hatakiwi kuzipitisha kabla ya kuzigawanya. Ukigawanya utaona kwamba ni kama shilingi 382,000 kwa kila mvuvi, na hapo hapo maswali ya kweli ya wasomaji wako yataanza kujitokeza: nani anahesabiwa kuwa mvuvi, je mama anayekusanya kaa kwenye mikoko yumo, na mwenye mashua atalipwa sawa na baharia wake? Zaidi ya hayo, mgawanyo huo utakuonyesha mara moja kama mwandishi ameandika milioni mahali pa bilioni. Kosa hilo nimelikamata zaidi ya mara moja, tena saa ambayo mpangaji kurasa amekwisha kuzima taa.

Kuhusu sheria nitasema machache. Nchini Kenya anayedai kwamba umemkashifu ana miezi 12 ya kufungua kesi, kwa hiyo madaftari ya waandishi yahifadhiwe kwa muda mrefu kuliko huo, yakiwa na tarehe. Vilevile, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Andika barua, igongwe mhuri wa kupokelewa, uanze kuhesabu siku. Nimeona wahariri wachanga wakilalamika miezi mizima kwamba wamenyimwa taarifa ambayo hawakuwahi kuiomba kwa maandishi.

Katika lugha, utapata vishawishi vya aina yake. Mzee wa hapa akisema “mui wetu”, mwanafunzi aliyetoka chuoni huandika “mji wetu” na kudhani amemsaidia. Msimamo wangu ni kwamba habari iandikwe kwa Kiswahili sanifu, lakini maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yabaki ya msemaji. Lahaja za hapa, Kiamu cha mji wa Lamu kikiwamo, si kosa la kusahihishwa, na msomaji wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, akiiona lugha ya kwao imegeuzwa, atakuwa na haki ya kushuku kwamba na mengine yamegeuzwa.

Ratiba yako nayo itatawaliwa na bahari. Mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa, kwa hiyo mwandishi anayekwenda Pate aulize manahodha kabla hujamwekea nafasi ukurasani. Ukurasa uliotegemea habari ya Kizingitini, kisiwani humo, uwe na habari nyingine pembeni, iliyokwisha kuhaririwa, kwani gazeti huongezwa au kupunguzwa kurasa nne nne na mchapaji wa Mombasa hasubiri maji.

Usiku wa kufunga kurasa, usisome peke yako kwenye kompyuta. Chapa kurasa kwenye karatasi, mkae wawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kalamu katika nakala ya awali. Muanze na tanzia mkiwa bado hamjachoka, jina la marehemu, kisha la kila mtoto na kila mjukuu, herufi kwa herufi, kwa kuwa kipande hicho cha gazeti familia itakikata na kukihifadhi.