Kwa asisitanti wapya wa Bukavu: data ni za timu

Wadogo zangu mnaoanza uasisitanti mwaka huu, yaani kazi ya kuwasaidia maprofesa chuoni, karibuni. Mtasikia mengi kuhusu vifaa tunavyokosa, na ni kweli tunavikosa. Ila utafiti wa chuo unadhoofika zaidi pale kila mtu anapofungia data zake kabatini, kisha akipata kazi kwenye shirika anaondoka nazo.

Chukueni mfano wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayetaka kujua kama wanapungua hawezi kutegemea kipimo cha asubuhi moja. Anahitaji vipimo vya miaka mingi, vilivyochukuliwa kwa namna ileile, na watu ambao pengine hawajawahi kuonana. Kwa hiyo ukishuka mwaloni alfajiri kuwapokea wavuvi, andika tarehe, saa, jina la mwalo, aina ya wavu, uzito na mzani uliotumia. Andika pia kama kulikuwa na mbalamwezi, kwa sababu sambaza huvuliwa kwa taa na mwanga wa mwezi huharibu mavuno. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, usifute. Jioni hiyohiyo piga picha kurasa zote, uzitume kwenye hifadhi ya timu. Nendeni Lwiro, kule Kabare, kwenye kituo kilichoanzishwa na IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi za ukoloni wa Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1947, muone thamani ya kumbukumbu zilizotunzwa.

Jambo la majina linaniuma. Anayepanda pikipiki hadi Kalehe, anayejua Kihavu na Mashi, anayejua mzee gani aombwe ruhusa kwanza, mara nyingi jina lake huishia kwenye shukrani za makala, si kwa waandishi. Kabla ya kwenda uwanjani, andikeni nani atafanya nini na nani atakuwa mwandishi. Hata kwa profesa, sema tu: "Prof, naomba tuyaweke haya kwenye karatasi." Si utovu wa heshima. Na mwanafunzi wa memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, aliyekusanya data na kushiriki kuandika makala ana haki hiyohiyo.

Kila wiki someni pamoja kurasa mbili za mmoja wenu, zikiwa bado mbichi. Matokeo yasiyoonyesha tofauti yoyote yaletwe pia. Mpangilio ninaousisitiza ni huu: wanafunzi waseme kwanza, asisitanti wafuate, profesa amalizie. Akianza yeye, wengine wote watakubali tu.